Batri ya Pano Ikikufa, Isivunjwe Katika Lupango

Wiki hii tuongee juu ya kitu ambacho vikundi vyetu vingi viko nacho: batri inayotunza moto wa jua.

Mnajua namna umeme unavyokuja kwetu: unakuja saa unayotaka wenyewe. Ndiyo sababu kikundi chetu kilitoa pesa ya likilimba, kikanunua pano na batri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Tulitaka mwangaza kwa wamama wanaojifunza kusoma jioni, tena tuchaji simu za majirani tupate franga kidogo. Miezi ya kwanza ilikuwa furaha. Kabla mwaka haujaisha, batri ilikufa. Fundi alifungua vifuniko, akatikisa kichwa: «Wamama, hii haikufa yenyewe. Mumeiua.»

Alisema kweli. Tuliiua kwa njia mbili.

Ya kwanza, tuliimaliza kila usiku mpaka taa zinazimika. Ndani ya batri hii mna vyumba sita, kila kimoja volti mbili hivi. Katika kila chumba kuna vibamba vya risasi vilivyolowa katika asidi. Hatusemi risasi ya bunduki. Ni yale madini mazito ya kijivu ambayo kwa Kifaransa tunaita plomb. Batri ikitoa moto, vibamba vinashika chumvi nyeupe. Ikipata jua mapema, chumvi inaondoka. Ikiachwa siku nyingi bila moto, chumvi inakuwa ngumu kama ukoko wa bugali chini ya sufuria, na batri haishiki tena.

Kwa hiyo tumieni nusu tu. Tufanye hesabu pamoja: volti 12 mara ampea-saa 100 ni 1.200. Nusu yake ni 600. Taa nne za wati 5 kwa saa tano zinakula 100. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano inakula 300. Jumla 400, bado tuko salama. Lakini pasi ya umeme ya wati 1.000 inamaliza ile nusu kwa nusu saa hivi. Pasi ya makaa bado ina kazi yake!

Njia ya pili ni maji. Batri ya vifuniko ikichajiwa, sehemu ya maji yake inageuka gesi na kutoka. Sisi tuliongeza maji ya bomba, na madini yaliyomo yakaharibu vibamba. Yanayotakiwa ni yale maji safi ya batri yanayouzwa dukani, na yafunike vibamba sikuzote. Asidi msiongeze, kwani kinachopungua ni maji. Gesi ile inashika moto kwa urahisi: msichungulie ndani kwa mshumaa wala koroboi. Batri ikae mahali penye hewa, mbali na kitanda cha watoto. Asidi ikimrukia mtu, mwosheni kwa maji mengi dakika 20, kisha aende kituo cha afya.

Lakini jambo lililotufanya tuandike leo lilikuja baada ya batri kufa. Kijana mmoja wa kartie alikuja na dola 10 mkononi. Alitaka kuivunja palepale katika lupango letu, ayeyushe risasi juu ya babula, atengeneze vizito vya nyavu. Wamama wawili walikubali mara moja. Sisi tunaofundisha shule tulikataa. Mama mmoja akasema: «Ninyi walimu muna mshahara, dola 10 si kitu kwenu.» Wote walicheka, sababu mshahara wa mwalimu munaujua.

Tuliwaeleza habari ya Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, katika Senegali. Pale watu walivunja batri nzee za magari, na wengine walichekecha mchanga wa mahali hapo wapate mabaki ya risasi ya kuuza. Kati ya mwezi wa 11 mwaka 2007 na mwezi wa 3 mwaka 2008, watoto 18 walikufa. Damu ya ndugu zao na ya mama zao ilipopimwa, ilikutwa na risasi nyingi sana.

Vumbi ya risasi haina harufu. Inaanguka chini, mtoto anacheza, anatia mkono kinywani. Mwili wa mtoto unaishika kuliko mwili wa mtu mzima, na ubongo wake ndio unaoumia. Mama mwenye mimba akiivuta, inamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya la Dunia linasema hakuna kiasi cha risasi kisicho na hatari. Mtoto huyo anaweza kukosa jeraha lolote la kuonekana. Atakuja darasani hashiki somo, hatulii, na sisi walimu tutamwita mvivu.

Kikao kilikuwa kimya. Yule mama aliyetuchekesha ndiye aliyesema: «Basi kijana aende na dola zake.» Tuliipeleka batri nzima, imesimama ndani ya beseni ya plastiki, kwa muuzaji wa batri. Aliichukua na kutupunguzia dola 8 kwa batri mpya. Tulipoteza dola mbili.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii: tafuteni katika lupango na kartie zenu ni wapi batri nzee zimelala, na ni nani anayezivunja. Yule anayeyeyusha msimtukane, ni mtoto wetu naye, anatafuta chakula. Mwelezeni. Sufuria aliyoyeyushia isipikiwe tena hata siku moja. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na kabla ya kununua batri mpya, ulizeni dukani: «Ikikufa, mutaipokea?» Mukipata duka linalosema ndiyo, tuleteeni jina lake kwenye kikao cha Jumamosi, tuwaambie wamama wengine.