Ameacha mjane mmoja

Ukitaka kuvaa suti nyeusi kwenda msibani Mitundu, usipitie Itigi kiangazi. Nilifika na suti ya rangi ya udongo. Hakuna aliyenitazama mara mbili, maana wote waliotangulia walikuwa wamevaa sare hiyohiyo.

*

Anayeongoza ratiba ya maziko sasa anaitwa mshereheshaji. Sherehe ya nani?

*

Tulikwenda kumzika wakili mstaafu ambaye watoto wa mtaani kwake walimwita Babu Wakili. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika ishirini na mbili. Nilikuwa na saa. Tukasikia shule alizosoma, mwaka alioapishwa kuwa wakili, mikoa aliyopangiwa, kamati alizokaa, na hata cheti alichopewa na mojawapo ya kamati hizo. Msomaji alipofika ukurasa wa mwisho akaharakisha kama konda aliyeona stendi: ameacha mjane mmoja, watoto sita na wajukuu kumi na saba. Bwana ametoa.

Wasomaji wa siku nyingi wa daftari hili wanaujua ugomvi wangu na wasifu wa marehemu. Ulianza Septemba 2020, alipofariki Jaji Mark Bomani. Yote yaliyosomwa juu yake yalikuwa kweli, na yalikuwa mazito. Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1965 hadi 1976, Mtanzania mweusi wa kwanza kukikalia kiti alichokiacha Mwingereza Roland Brown. Msaidizi wa Mandela katika usuluhishi wa Burundi, baada ya Mwalimu Nyerere kufariki. Mwenyekiti wa kamati ya madini iliyoundwa na Rais Kikwete mwaka 2007. Nilisoma magazeti yote nikitafuta sentensi moja tu: akirudi nyumbani na mafaili yale, alikuwa mtu wa namna gani? Sikuipata. Aliyekuwa na jibu hakuulizwa.

Safari hii nikauliza mwenyewe. Baada ya udongo kufukiwa nilikaa kwenye jamvi, karibu na mjane lakini si karibu mno. Nikampa pole, nikamwomba anisimulie kidogo.

"Yule, mwanangu, hakuwa anakula ugali ukiwa wa moto," akasema. "Watu walikuwa wanakuja na barua wakati nimeshapakua."

Barua zenyewe ni samansi, hati ya shamba, mkataba wa mkopo. Mzee anaisoma yote kwa sauti, anaieleza kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha anamtazama mwenye barua juu ya miwani: "Umeelewa, au umeitikia tu?" Akijibiwa haraka, anaanza upya tangu mwanzo. Mlenda unapoa.

Kisha bibi akafungua pindo la khanga, na sikutarajia alichokitoa. Kikopo cha bati, bapa, sifongo lake limekauka. Ni wino wa dole gumba. Kwa miaka yote ya ustaafu yeye ndiye aliyekitunza, akikitia maji kidogo wino ukikaribia kuisha, akiwashika wazee vidole visiteleze kwenye karatasi. Juu ya mfuniko pana alama moja ya dole, ya buluu. Sikuuliza ya nani.

Tukiwa hapo akasimama mzee mmoja kutangaza siku ya kikao cha ukoo. Nikaona mabega ya bibi yanapanda. Kila mjane wa nchi hii anayeishi chini ya sheria za mila anakijua kikao hicho. Tamko la Sheria za Mila, Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, linamnyima mjane fungu la urithi maadamu marehemu ana watu wa ukoo. Watoto ndio watamtunza. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kulipinga. Mwaka 2006 wakaambiwa ubaguzi upo, ila mila haibadilishwi kwa hukumu. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imewakosea.

Sasa weka jambo hilo kando ya Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyopitishwa Bomani akiwa Mwanasheria Mkuu. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Jaji Mkuu Nyalali aliisoma sheria hiyo akasema kupika, kufua na kulea nako ni kuchuma. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia fungu, lakini waliomfuata waliambulia.) Kwa hiyo mke akiachika, ugali alioupika unahesabiwa. Akivumilia mpaka kifo kiwatenganishe, hauhesabiwi. Nimeligeuza hili kila upande na bado sijamwona wa kunieleza hekima yake.

Babu Wakili hakungoja kuelezwa. Mwanawe mkubwa alisimama akasema wosia upo, umeandikwa, una shahidi wa ukoo na shahidi mtu baki. Mzee wa kikao akakaa, akaomba maji.

*

Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama zetu, na bado tunapongezana. Muuza nyanya aliyewahi kushtakiwa Mahakama ya Mwanzo anashangaa: kwani huko juu mlikuwa mnaongea nini?

*

Chupa ya asali niliyouziwa njiani ina kitako kilichobonyea ndani kiasi cha kumeza ngumi yangu. Nyuki hawana hatia.

*

Nikingoja gari la kurudi Itigi, kijana mmoja alinisogelea akaniuliza kama mimi nami ni wakili. Nikamwambia hapana, ni mwandishi wa magazeti. Akaikunja barua yake mara nne, akairudisha mfukoni.