Diski ya Grainda: Maandishi Madogo Yalindayo Jicho na Mkono

Juma hili tunazungumzia kitu ambacho akina mama wengi hawajakishika kwa mikono yao, ilhali kinawagusa: diski ya grainda, yaani kile kigurudumu ambacho fundi hukifunga kwenye mashine ya mkono ili akate chuma au akisugue. Wako vijana wetu wa Pwani ambao wamepanda gari moshi kwenda Nairobi na kuendelea hadi Ruiru na Thika, wakatafute riziki na kujifunza ufundi wa vyuma. Kazi huko ipo. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani, na ndiko kiliko kiwanda cha kuunganisha magari cha Kenya Vehicle Manufacturers. Nayo barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, imevuta majumba ya kupangisha kandokando yake, na kila jumba lahitaji lango, milango, vyuma vya madirisha na vya ngazi. Vyote hivyo hupita chini ya diski.

Tungependa kila nyumba ifahamu jambo moja. Diski ni chombo kilichopimwa, chenye kazi yake, mwendo wake na muda wake, na yote hayo yameandikwa usoni pake. Fundi asiyeyasoma maandishi hayo huyaweka rehani macho yake na vidole vyake.

Tuanze na umbile lake. Diski ya kawaida ni chembechembe za madini magumu zilizoshikamanishwa kwa rezini, na ndani yake mna wavu wa nyuzi za kioo unaoizuia isitawanyike. Kwenye grainda ndogo, ile ambayo mafundi huiita ya inchi nne na nusu, diski huzunguka aghalabu mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wake basi hukimbia takriban kilomita 238 kwa saa, karibu mara mbili ya mwendo wa juu wa gari moshi la abiria la Mombasa na Nairobi. Kipande kikikatika kwa mwendo huo, mtu hawahi hata kufumba jicho.

Aina zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni diski ya kukatia, nyembamba, ya unene wa milimita 1 hadi 3. Nguvu zake zote zi ukingoni; ikisukumwa ubavuni huvunjika. Ya pili ni diski ya kusagia, nene, ya takriban milimita 6, nayo huondoa vinundu vilivyobaki baada ya kuchomelea. Ya tatu ni diski ya msasa, ambayo vipande vyake vimepangwa kama magamba ya samaki. Hiyo hulainisha chuma kabla ya kupakwa rangi. Kosa lililoenea ni fundi kumaliza kukata kwa diski nyembamba, kisha akailaza hiyo hiyo kusagia, kwa kuona uvivu wa kubadilisha. Dakika mbili za kufungua nati huokolewa, na jicho huachwa hatarini.

Baada ya aina, itazamwe herufi. Diski ya chuma aghalabu huwa na herufi A, na ya mawe huwa na herufi C. Kwa chuma kisichoshika kutu hutafutwa diski iliyoandikwa INOX, ambayo haikutiwa madini ya chuma wala salfa. Hili lawahusu hasa wenye nyumba za karibu na bahari: diski iliyokwisha kukata chuma cha kawaida ikitumiwa kwenye vyuma vya roshani visivyoshika kutu, huacha chembe za chuma juu yake, na hewa ya chumvi huzigeuza madoa ya kutu kabla mwenye nyumba hajasahau gharama aliyolipa.

Kisha husomwa mwendo. Kila diski imeandikwa mizunguko ya juu kabisa inayoweza kuhimili kwa dakika, na idadi hiyo haifai kuwa chini ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Wapo mafundi wanaovua kinga ya grainda ndogo ili waifungie diski ya inchi tisa. Diski hiyo imewekewa kikomo cha mizunguko kama 6,600 kwa dakika, sawa na mita 80 kwa sekunde ukingoni. Ikizungushwa mara 11,000, ukingo wake hufikia mita 132 kwa sekunde, na kinga iliyopaswa kuzuia vipande iko chini ya meza. Kadhalika, diski yenye meno ya kukatia mbao isifungwe kamwe kwenye grainda. Meno yakinasa, mashine humrukia aliyeishika.

Mwisho husomwa muda. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski nyingi pamepigwa mwezi na mwaka wa kuisha, aghalabu miaka 3 tangu ilipotengenezwa, kwa kuwa rezini huchakaa na hunywa unyevu. Kijana anayerudi nyumbani kutoka Thika na diski mkobani ili amtengenezee mamake lango, akumbuke kwamba hewa ya Mombasa, Lamu au Malindi ina unyevu mwingi. Diski na ziwekwe mahali pakavu, zikiwa zimelala sawasawa, wala zisitupwe sakafuni pamoja na nyundo. Iliyopata ufa, iliyomeguka, iliyolowa au iliyoanguka haina kazi tena. Bei ya diski ndogo haifikii bei ya kilo moja ya nyama.

Fundi akishafunga diski mpya, asimame kando na kuiacha izunguke bure kwa muda wa dakika moja kabla haijagusa chuma. Chuma kibanwe kwenye jiliwa, kisishikwe kwa mguu. Mikono yote miwili ishike mashine, na diski isimame kabisa kabla ya grainda kuwekwa chini. Mavazi nayo yana hukumu yake: kanzu, kikoi au shali iliyolegea hunaswa na kuvutwa ndani kwa kufumba na kufumbua. Kijana aliyekwisha kuvaa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, akaombwa akate kipande kimoja tu, na aseme kwamba atarudi baada ya sala akiwa na nguo za kazi. Watoto wasikusanyike kutazama cheche, wala kazi isifanywe karibu na mtungi wa gesi.

Na chembe ikiingia jichoni? Asisugue jicho, wala mwenzake asijaribu kuitoa kwa ncha ya kitambaa au kijiti, wala lisitiwe maziwa. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Aliye Thika anayo hospitali ya Level 5 mjini. Chembe ya chuma huanza kushika kutu jichoni kwa muda mfupi, na kila siku anayoingoja huongeza kazi ya daktari.

Sheria pia ipo upande wa kijana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo yamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Maneno ya kwamba "huyu anajifunza tu" hayamwondolei mwenye karakana dhima yake.

Basi kabla mzazi hajamkabidhi mwanawe kwa fundi, na aulize maswali manne bila haya. Je, kila grainda ya karakana ina kinga yake? Je, wanafunzi hupewa miwani ya kazi, au hufumba macho na kutazama pembeni? Nani huchagua diski, na je, mwanafunzi hufundishwa kuisoma? Mtu akiumia, hupelekwa wapi na kwa gharama ya nani? Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kupata mzazi anayeijua thamani ya kazi yake. Anayekasirika amekwisha kujibu. Na mama anayefunga mkoba wa mwanawe wa safari, pamoja na sabuni na shuka, na atie miwani ya kinga. Amwambie aivae kila awashapo mashine, hata kwa kipande cha urefu wa kidole.