Kukimbizana na Google

Kila mara Google inapobadili taratibu zake za kupanga tovuti, huinuka kundi la wajuzi, pamoja na wengi wajidaio ujuzi, wakatangaza kwa sauti moja kwamba maarifa ya jana yamebatilika, na kwamba mfanyabiashara asiyeigeuza tovuti yake upesi atatoweka machoni pa wateja. Itikadi hii imestawi Dar es Salaam na Mombasa kama ilivyostawi London na New York, na wanaoihubiri hawaihubiri bure, kwa kuwa baada ya hofu hufuata ankara. Nakusudia kuipinga. Sikanushi kwamba mabadiliko yapo. Google yenyewe hukiri kuyafanya kwa maelfu kila mwaka. Ninachokanusha ni kwamba usalama umo katika kuyafukuzia, maana historia yake, ikisomwa kwa utulivu, yashuhudia kwamba walioumia vibaya aghalabu walikuwa wale wale waliosifiwa kwa wepesi wa kuyafuata.

Larry Page na Sergey Brin walipoiasisi Google mwaka 1998, walijenga upangaji wao juu ya wazo la insafu: kiungo kitokacho tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kuwa shahada, na shahada ya mwenye heshima iwe nzito kuliko ya asiyejulikana. Lakini shahada ikishajulikana kuwa ina thamani haikawii kupelekwa sokoni, na punde viungo vikawa vyanunuliwa kwa jumla na kwa rejareja, huku washauri wakiwaambia wateja wao kwamba huko ndiko kwenda na wakati. Februari 2011 gazeti la New York Times likafichua kwamba JCPenney, kampuni kongwe ya maduka ya Marekani, ilikuwa imetangulia kwa miezi katika utafutaji wa bidhaa nyingi, tangu magauni hadi matandiko, ikibebwa na maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti ambazo nyingi hazikuwa na nasaba yoyote na biashara hiyo. Kampuni ilisema haikuidhinisha jambo hilo, ikaachana na washauri wake. Google nayo ikaishusha kutoka kileleni mpaka kurasa za ndani ambako mnunuzi hafiki.

Mwezi uo huo yakaanza mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakazishukia tovuti zilizokuwa zikitoa makala nyingi, nyepesi na za bei rahisi. Kampuni ya Demand Media ilikuwa imeuza hisa zake New York kwa mara ya kwanza mwezi mmoja tu kabla, ikithaminiwa zaidi ya dola bilioni 1, na ndani ya miezi michache tovuti yake mashuhuri, eHow, ikawa miongoni mwa walioshushwa. Nayo ilikuwa mwanafunzi mtiifu wa zama zake: ilichunguza watu wanatafuta nini, ikaagiza makala kwa kipimo cha utafutaji huo, wala haikungoja mwandishi awe na jambo la kusema. Utiifu ukageuka hatia. Mwaka uliofuata yakaja mabadiliko ya Penguin dhidi ya wenye kununua viungo, na hapo ndipo waliolipa ili viungo viwekwe walipolipa tena ili viondolewe, washauri wakapata riziki mara mbili kwa kosa moja.

Pengine nitaambiwa kwamba hao walikuwa wadanganyifu, na kwamba mtu mwaminifu hana haja ya kuogopa kufuata maelekezo ya Google yenyewe. Basi na tuyatazame. Mwaka 2011 wenye tovuti walihimizwa kuambatisha jina na picha ya mwandishi kwenye makala zao ili zionekane katika matokeo. Agosti 2014 mpango huo ukafutwa. Mwaka 2015 wakaitwa kujenga kurasa zao upya kwa mtindo mwepesi uitwao AMP, na magazeti mengi yakatii kwa gharama ili yapate nafasi ya mbele katika habari; mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa. Waliotii hawakuwa na taksiri yoyote, ila jasho lao lilikwisha kazi siku ambayo aliyeliomba hakulihitaji tena.

Nakiri kwamba lipo badiliko moja ambalo aliyelipuuza alistahili hasara. Tarehe 21 Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea, katika utafutaji wa simu, kurasa zinazosomeka vyema katika simu. Lakini je, ilimpasa mwenye duka angoje amri ya kampuni ya California ndipo ajue kwamba mushtari wake ameshika simu mkononi na anahangaika kukuza herufi kwa vidole? Badiliko hilo lilidumu kwa sababu lilimfaa msomaji, na lingemfaa hata kama Google isingelitaka.

Hoja ngumu zaidi ni ya miaka hii ya karibuni. Tangu Septemba 2023 wengi wenye tovuti ndogo, wakiwamo walioandika kwa ikhlasi juu ya mambo wayajuayo, wamelalamika kwamba wasomaji wao wamepungua ghafula. Na Mei 2024 Google ikaanza, huko Marekani, kuweka juu ya matokeo majibu yaliyotungwa kwa akili mnemba, hata muulizaji aweza kuridhika asifungue tovuti yoyote. Wahubiri nao wameshapata mahubiri mapya, wanauza namna ya kuipendeza akili mnemba. Ilhali msiba huu ndio unaoivunja itikadi yao, kwa kuwa ikiwa mwema naye huanguka, utiifu una kinga gani? Google yenyewe imeandika kwamba ukurasa ulioshuka huenda hauna kasoro, na kwamba hakuna awezaye kumdhaminia mtu nafasi ya kwanza. Wala si rahisi kuhamia kwingine: Agosti 2024 jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba kampuni hiyo imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Aliyetandaza bidhaa zake zote katika baraza ya mtu hana dai siku mwenye nyumba atakapofagia.

Kwa hiyo mwenye hoteli ndogo ya Paje, huko Unguja, na aandike yale mgeni wake anayoyauliza kweli: bei kamili, namna ya kufika kutoka bandarini, na saa ambazo bahari ya mashariki hukupwa ikaenda mbali hata kuogelea kusiwezekane. Na aombe kwa idhini anwani na simu za waliokwisha kulala kwake, ili mwakani wamwandikie yeye moja kwa moja. Na aandike kwa Kiswahili pia, kwa maana maswali mengi ya Waswahili juu ya safari, dawa, sheria na biashara bado hayajapata jibu la kuaminika katika lugha yao, na atangulizaye jibu jema hushindana na wachache.

Naye mshauri atakapobisha hodi na habari za badiliko jipya, na aulizwe swali moja kabla ya ankara kuandikwa: lau Google ingefungwa kesho, hiki ninachokulipa kingemfaa nini mteja wangu? Akiwa na jibu, alipwe ujira wake kamili. Asipokuwa nalo, fedha hiyo ikanunue mashuka mapya.