Meli ya vita ina jina la Butiama, ila ziwani nani anafika kwanza?

Matongo, wilayani Tarime, ni mbali na bahari. Habari kubwa huko ni dhahabu ya North Mara, ng'ombe na mpaka wa Sirari. Jeshi la Wanamaji linaonekana kama jambo la watu wa Kigamboni.

Lakini moja ya meli za jeshi hilo inaitwa Mwitongo. Hilo ni jina la eneo la Butiama, mkoa huohuo wa Mara, alikozikwa Mwalimu Nyerere. Rais Jakaya Kikwete aliizindua Kigamboni mwaka 2015 pamoja na pacha wake, Msoga. Zote mbili ni meli za doria zilizotengenezwa China.

Sasa, meli kama hizo zinasubiri vita gani?

Maadui wa aina mbili

Kuna adui mwenye bendera: nchi inayotuma manowari kupigana na nchi nyingine. Na kuna adui asiye na bendera: haramia, jahazi la unga, meli ya uvuvi haramu, kundi lenye silaha linalovuka maji usiku.

Wa kwanza haji mara kwa mara, ila akija anaweza kuangusha nchi. Wa pili yupo kila wiki. Shida ni kwamba pesa ni ileile, wanamaji ni walewale, na mwambao wa Tanzania una urefu wa kilomita zaidi ya 1,400. Maziwa hapo hayamo.

Injini ndiyo iliyoamua

Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Uingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo ya mitambo. Manowari ya Ujerumani, Königsberg, ikatokea na kuizamisha. Muda si mrefu nayo ikasumbuliwa na injini, ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliimaliza hukohuko Julai 1915.

Yaani meli mbili zenye mizinga mizito ziliponzwa na ubovu wa mitambo. Hata leo, meli iliyofungwa gatini ikisubiri kipuri haimtishi mtu, awe mwanajeshi wa nchi jirani au mwizi wa samaki.

Maharamia, samaki na Mtwara

Machi 2009, meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa katika maji ya Tanzania, kwa msaada wa meli ya doria ya Afrika Kusini. Wananchi wakaubatiza mzigo wake "samaki wa Magufuli", kwa kuwa John Magufuli ndiye alikuwa waziri wa uvuvi. Kukamata peke yake hakukutosha: hukumu dhidi ya nahodha na wakala ilifutwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2014. Adui asiye na bendera hupelekwa mahakamani, na huko mzinga hausaidii. Kinachotakiwa ni ushahidi uliokusanywa vizuri tangu baharini.

Oktoba 2011 mambo yalikwenda vizuri zaidi. Maharamia wa Kisomali walijaribu kuvamia meli ya kuchimba mafuta karibu na Mafia, na wanamaji wa Tanzania wakawakamata saba.

Halafu ikaja Cabo Delgado. Agosti 2020 wapiganaji waliiteka bandari ya Mocímboa da Praia, Msumbiji. Oktoba mwaka huohuo kijiji cha Kitaya, Mtwara, kikashambuliwa. Hao hawana manowari hata moja, lakini waliweza kuishika bandari kwa karibu mwaka mzima.

Turudi Mara

Maji ya Mto Mara hupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria, ambalo karibu nusu yake ni ya Tanzania. Dagaa na sangara wanaoliwa Tarime wanatoka humo. Humohumo kuna majambazi wanaowapora wavuvi injini na nyavu.

Kisiwa cha Migingo, si mbali na maji ya Rorya, kinaonyesha jinsi jambo dogo linavyokua. Mwaka 2004 polisi wa Uganda waliweka kambi hapo na kupandisha bendera, huku Kenya ikisema kisiwa ni chake. Ulinzi wa wavuvi na kodi ya samaki vikageuka mgogoro wa mpaka. Kwa hiyo ukimpuuza mwizi wa nyavu leo, kesho unaweza kujikuta unabishana na serikali ya jirani.

Majirani wamejibu kila mmoja kivyake. Mwaka 2018 Kenya iliunda kikosi cha walinzi wa pwani, ili jeshi lake la majini libaki na kazi ya kijeshi. Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu. Samaki walilindwa, ila malalamiko ya wavuvi kupigwa na kuchomewa mitumbwi yakawa mengi. Mvuvi aliyepigwa hampigii mwanajeshi simu akiona boti ya ajabu.

Na mvuvi ndiye jicho la kwanza. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba na kuua watu 19, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Nini kifanyike

Njia ya Kenya inaifaa Tanzania zaidi, kwa sharti moja. Meli kubwa kama Mwitongo zibaki baharini, zikifanya mazoezi ya vita huku zikilinda uchumi wa bahari. Ziwani ziwekwe boti ndogo za kasi, rada, na askari waliofunzwa kukusanya ushahidi na kuishi vizuri na wavuvi. Sharti ni kwamba mafuta, vipuri na mafundi viwe na fungu lao kila mwaka, lisiloguswa. Bila hilo, kikosi kipya kitakuwa jina jipya tu.

Kwa hiyo bajeti ya ulinzi ikisomwa Dodoma, mbunge wa Tarime au Rorya ana maswali mawili ya kuuliza. Ni boti ngapi zinazoweza kuwashwa usiku huu? Na mvuvi akipiga simu saa nane usiku, nani anapokea?