Ganda Bovu Livunje Kabla Hujalitupa

Wenzangu wasemaji wa Kiswahili hapa Boise na kwingineko Idaho, msimu wa kuwinda kulungu na elk umekaribia, na najua kwamba jioni hizi taa za gereji nyingi zinachelewa kuzimwa. Mtu ameketi na mashine yake ya mkono, anajaza risasi zake mwenyewe: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya, baruti iliyopimwa kwenye mizani, kichwa kipya. Kwa ndugu zetu wengi walioko Kigoma au Bukavu hili ni jambo geni. Huku ni shughuli halali ya wawindaji na walenga shabaha, na wengi wetu tumefundishwa na majirani. Nina ombi moja tu, nalo linahusu lile ganda.

Mwaka jana mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeacha kuwinda alinipa mfuko wa mkate umejaa maganda ya .30-06. Nilishukuru sana, maana bei ya maganda mapya tunaijua. Niliyakagua moja moja, nikatenga 6 mabovu, nikayatia kwenye kopo chini ya meza, nikajiona nimemaliza. Juma lililofuata akaja mpwa wangu, kijana aliyeanza kujifunza kujaza risasi. Nikamkuta amechuchumaa kando ya kopo, manne yamo kiganjani.

“Mjomba, haya unatupa? Mbona mazuri hivi!”

Na kweli yalikuwa yanang’aa. Nilikuwa nimeyasafisha kwenye pipa la kuzungusha, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, kabla sijayakagua. Kwa macho, hayakuwa na tofauti na yale mazima. Nilimwambia ayarudishe, na usiku ule sikulala vizuri. Ubovu niliugundua mimi, lakini sikuwa nimeacha alama yoyote ya kumwonyesha mwingine.

Ganda hili ni la shaba ya manjano, takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Watu huliona kama kikopo cha kubebea baruti tu. Kazi yake kubwa ni nyingine. Baruti inapowaka, ganda hutanuka, likabana kuta za chemba na kuzuia gesi isirudi nyuma kwa mpigaji. Kisha hunywea kidogo ili litoke. Viwango vya viwanda vya Marekani vinairuhusu .30-06 kufikia shinikizo la pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Gurudumu la gari lako lina pauni 35 hivi. Shavu la mpigaji liko karibu kabisa na moto huo, na kinachoutenga naye ni ule ukuta mwembamba wa shaba na komeo la bunduki.

Kuna ubovu unaojionyesha wenyewe. Shingo ikipasuka, ufa unaonekana. Kitundu cha fataki kikilegea, mkono unahisi fataki ikiingia bila kushindiliwa. Ubovu mbaya kuliko wote hutokea kwenye pete iliyo juu kidogo ya kitako, pale shaba nene inapokutana na ukuta mwembamba. Kila mara bega la ganda linaporudishwa nyuma kupita kiasi kwenye kalibu, yaani kile kifaa cha kulirudishia umbo lake, ganda hubaki na nafasi ndani ya chemba, na likipigwa hujinyoosha ili kuijaza. Hujinyoosha palepale penye pete. Baada ya kutumika mara kadhaa, ndani hutokea mfereji. Nje unaweza kuona mstari hafifu unaometa kuzunguka ganda, au usione kitu. Siku ukuta huo ukikatika, ganda hugawanyika mara mbili: nusu hunasa chembani, na gesi hutafuta njia ya kurudi nyuma.

Ili kuupata mfereji huo mapema, chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, pinda ncha yake milimita chache iwe ndoano, uinoe kidogo kwa tupa. Iingize mdomoni mwa ganda hadi chini, kisha ivute juu taratibu huku ncha ikikwaruza ukuta. Kwenye ganda zima waya huteleza. Kwenye ganda bovu utausikia ukidumbukia, kama ukucha unapopita juu ya ufa wa sahani. Anza na maganda ambayo historia yake huijui, yaani yale ya kuokota uwanja wa shabaha na yale ya mfuko wa mkate kama wangu.

Msiamini mng’ao. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India lilishangaa kuona maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe wakati wa masika. Mkojo wa farasi ulitoa amonia, na amonia hula shaba iliyobaki na mkazo ndani yake. Wataalamu waliieleza sababu hiyo kikamilifu mwaka 1921. Kwa hiyo dawa za kung’arishia vyuma zenye amonia ziacheni jikoni. La kuvunda halina ubani, na ganda lililokwisha halifufuliwi kwa kusuguliwa.

Wenye bunduki za zamani wawe na hadhari zaidi. Julian Hatcher, afisa wa jeshi la Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1947 habari za bunduki za Springfield za mwanzo zilizopasuka. Chuma chake kilikuwa kimepikwa kwa kukisia joto kwa macho, kikatoka kigumu lakini chepesi kuvunjika. Katika baadhi ya ajali hizo ganda ndilo lililotangulia kushindwa: kitako chake kilikuwa laini mno, gesi ikapenya, na chuma kikafuata.

Basi ombi langu ni hili. Ukilikataa ganda, liue. Hakikisha kwanza ni tupu na fataki yake imekwisha kulipuka, kisha bana mdomo na tumbo lake kwa koleo mpaka lilale bapa, lisiweze kuingia kwenye kalibu ya mtu yeyote. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapima uzito, nao haupungui kwa kubanwa. Risasi nzima usiiguse kwa koleo hata kidogo. Ipeleke kwa wasimamizi wa uwanja wa shabaha au polisi, uwaulize wanavyoipokea.

Na ukimpa mwenzako maganda, mpe na historia yake. Andika kwenye boksi yamepigwa mara ngapi na kwa bunduki ipi. Usipojua, andika kwamba hujui. Kijana anayeanza haoni aibu kuuliza akikuta karatasi imeandikwa. Akikuta mfuko tu, huona amepewa zawadi.

Yale 6 niliyabana siku ileile, mpwa wangu akiwa ameshika kopo. Sasa koleo langu linakaa juu ya meza, kando ya mizani. Nawaomba, kabla msimu haujafunguliwa, nanyi wekeni la kwenu hapo.