Ramani ya Afya Bila Chama ni Ramani ya Nini?

Waundaji programu wenzangu, tusidanganyane. Mwaka 2023 Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Msingi, na wahudumu wa afya ya jamii wakapewa simu za kusajili kaya. Safi! Lakini hapa Chwele, mgonjwa wa kisukari huchangiwa nauli na chama, hubebwa na bodaboda, hutembelewa na watu wa kanisa. Hawa wako wapi kwenye data yetu?

Chora duara la timu ya kliniki, kisha mistari: nani humpigia nani, na nani hurudisha jibu? Mstari usiorudisha jibu si uhusiano, ni jina tu kwenye orodha. Kalamu na karatasi kwanza, programu baadaye. Au mwasemaje?