Panadol ya dukani: Nani amwambie mlalahoi?

Ndugu msomaji, kichwa kikikuuma unafanya nini? Unamtuma mtoto dukani kwa Mangi. Anarudi na vidonge vinne vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti (pengine hili hili), bila boksi wala karatasi ya maelezo. Maumivu yasipotulia, mtoto anatumwa tena.

Hebu tupige hesabu. Kidonge cha kawaida cha parasetamo, ndiyo hiyo Panadol, kina miligramu 500. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8. Lakini dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo hiyo hiyo! Mwenye mafua na kichwa anameza zote mbili, akidhani ni dawa tofauti.

Mzigo unabebwa na ini. Linapoichakata parasetamo, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kuizima. Dozi ikizidi akiba inakwisha, sumu inaanza kulitafuna ini lenyewe. Anayeshinda njaa, au anayekunywa gongo kila siku, akiba yake ni haba tangu mwanzo. Hao si vigogo, ni sisi.

Ubaya ni kwamba siku ya kwanza unaweza usisikie lolote zaidi ya kichefuchefu. Macho yakishageuka manjano, ini limeshaumia, na majirani wanasema umerogwa.

Simwambii mtu aache Panadol. Kwa kipimo chake ni dawa salama. Lakini Waingereza, pamoja na mahospitali yao yote, mwaka 1998 waliyawekea maduka ya kawaida kikomo cha vidonge 16 kwa pakiti. Kwetu kidonge kinauzwa kimoja kimoja, onyo linabaki kwenye boksi kwa muuzaji, tena mara nyingi kwa Kiingereza. Wizara ya Afya na TMDA wanashindwa nini kuagiza yaandikwe kwa Kiswahili, nyuma ya kila kidonge, maneno haya: "Usizidishe 8 kwa siku"? Wino huo nao unangoja wafadhili?

Aliyezidisha akimbizwe hospitali hata kama anajisikia mzima. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muulize mganga mkuu wa wilaya yako kama imo stoo kwake.